Baa ina mfumo wa oda, lakini kila asubuhi nakuta bili hazijafungwa. Pesa inapitia wapi?

Bosi wa Meza 18 (#1)
Wakuu, habari za jioni.

Nina baa na jiko maeneo ya Kijitonyama. Meza 18, kaunta moja, nyama choma na chipsi nyuma. Mwaka jana niliachana na daftari nikafunga mfumo: kompyuta ya kugusa pale kaunta, tableti mbili za wahudumu, printa moja kaunta na nyingine jikoni. Mhudumu anafungua meza, anaingiza oda, bia inatoka kaunta, oda ya nyama inachapwa jikoni. Mteja akimaliza bili inachapwa, analipa, meza inafungwa. Siku fundi anatuonyesha kila kitu kilikwenda kama maji.

Sasa kila nikifungua ripoti asubuhi nakuta meza nne au tano bado ziko wazi, wikiendi hata nane. Baa imeshafungwa, viti vimepandishwa juu ya meza, lakini mfumo unasema kuna watu bado wanakunywa. Meneja ana majibu mawili tu: "wateja walikimbia" au "mfumo ulikwama". Taslimu ya kwenye droo inalingana na bili zilizofungwa, haizidi wala haipungui. Bia ndizo zinaondoka kuliko pesa inayoingia.

Wenye baa na wataalamu wa hizi mashine, bili wazi zinatokana na nini? Sitaki kumfukuza mtu kwa hisia.

Chipsi Kavu (#2)
Wahudumu wanakupiga. Uzi ufungwe.

Mlevi Mstaarabu (#3)
Nimekaa siti ya mbele. Mimi kama mteja nakiri sijawahi kukimbia bili, ila kuna siku bili ilinikimbia yenyewe. Niliita nilipe nusu saa nzima, hakuna aliyekuja.

Muhasibu Mkavu (#4)
Kabla ya kumshika mtu uchawi: siku ya mfumo wako inaanza saa ngapi?

Mifumo mingi ikitoka kiwandani inakata siku saa sita usiku. Kwa duka la vipodozi ni sawa. Kwa baa ni balaa. Meza imefunguliwa Ijumaa saa tano na nusu usiku, imelipa saa saba. Bia zimetoka kwenye stoku ya Ijumaa, malipo yameandikwa Jumamosi. Ukivuta ripoti ya Ijumaa peke yake utaona bia zimeondoka bila pesa. Programu nyingine zinapiga picha ya meza zote zilizo wazi ule muda wa kukata siku, na picha hiyo ndiyo unayoisoma asubuhi ukadhani ni hali ya sasa.

Nenda kwenye mipangilio, sogeza mwanzo wa siku uwe saa kumi na mbili asubuhi. Halafu urudi hapa tuanze kuhesabu wezi.

Kizibo Mkononi (#5)
Muhasibu yuko sahihi kwa nusu. Mimi nimekaa kaunta miaka, Sinza na Mwananyamala, kabla sijahamia kwenye biashara nyingine. Bili wazi zina kazi yake.

Mchezo unakwenda hivi. Mhudumu anachapa bili kamili, anampelekea mteja. Mteja analipa yote, anaondoka. Sasa karatasi iko mfukoni kwa mhudumu, lakini meza kwenye mfumo bado haijafungwa. Anarudi kwenye tableti, anahamisha bia mbili au tatu kwenda meza nyingine, kisha anafunga ile ya kwanza kwa kiasi kilichobaki. Tofauti ni yake. Zile bia zilizohamishwa zinalala kwenye meza ya jirani mpaka asubuhi, meneja anazifuta: "wateja walikimbia".

Bosi, usiangalie jumla. Angalia kumbukumbu ya matukio, kila mfumo wenye heshima unayo. Tafuta neno "hamisha" likija baada ya neno "chapwa".

Bosi wa Meza 18 (#6)
Kizibo umenitisha. Nimeingia kutafuta, nawawekea kipande cha Jumamosi kama kilivyo:

19:48 Meza 9 imefunguliwa, PIN 03
19:50 Safari 3, Kilimanjaro 1
20:05 Kuku nusu 1, ndizi sahani 1
20:41 Safari 2
21:36 Bili imechapwa, 34,000
21:44 Safari 2 zimehamishwa kwenda Meza 17, PIN 03
21:45 Meza 9 imefungwa, taslimu 28,000

Bia kwangu ni 3,000, kuku nusu 12,000, ndizi 4,000. Na Meza 17 ni mojawapo ya zile zilizobaki wazi. Ndani yake kuna hizo Safari mbili, bia tatu zilizotoka Meza 5, na soda moja.

Chipsi Kavu (#7)
Si nilisema uzi ufungwe?

Binti wa Zamu ya Usiku (#8)
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhudumu, tena nafanya baa yenye mfumo kama huo, kwa hiyo naomba nami nisikilizwe.

Hiyo rekodi mnaisoma kama polisi. Mimi naisoma kama mtu aliyesimama pale. Meza 9 kuna baba anazungusha. Akishalewa kidogo anasema "mpe na yule pale mbili, za baridi". Nikiziingiza, zinaingia kwenye meza yake kwa sababu yeye ndiye ameagiza. Bili ikija anashtuka: "Hizi mbili si zangu, yule anywe alipe mwenyewe." Unafanyaje? Unazihamisha. Wakati huo yule aliyepewa anajua kapewa ofa, hana habari ya kulipa, ameshaondoka. Hapo kuna wizi gani? Kuna mwanaume aliyeahidi ofa akaikana.

Halafu Bosi, hiyo Meza 17 iko wapi? Nina uhakika iko karibu na televisheni au njia ya chooni.

Bosi wa Meza 18 (#9)
Iko chini ya televisheni. Umejuaje dada?

Binti wa Zamu ya Usiku (#10)
Kwa sababu kila baa ina meza ya namna hiyo. Watu wanasimama pale na chupa mkononi, hakuna mwenyeji. Bia isiyo na mwenyewe inaandikwa pale kwanza, tutamjua baadaye.

Kizibo Mkononi (#11)
Dada Binti, nakuheshimu, lakini Meza 17 haina oda hata moja iliyozaliwa pale pale, labda hiyo soda. Bia tano zote zimehamia. Ofa gani zinahamia kutoka meza mbili tofauti usiku mmoja, zote baada ya bili kuchapwa?

Binti wa Zamu ya Usiku (#12)
Za Meza 5 Bosi hajasema zilihamishwa saa ngapi. Wewe umeshatoa hukumu.

Mlevi Mstaarabu (#13)
Binti 1, Kizibo 0. Mpira uwekwe kati.

Fundi Waya (#14)
Nafunga hii mifumo Dar na Morogoro. Nyote mnajadili tabia za watu, hakuna aliyeuliza intaneti.

Tableti mbili zinatumia Wi-Fi. Ruta iko wapi? Nabashiri iko ofisini nyuma ya ukuta wa matofali, na nyama choma iko nje. Tableti ikipoteza mtandao, programu nyingi zinaendelea kupokea oda zikiwa zimejitenga, zikisubiri mtandao urudi zipeleke. Katika dakika hizo mhudumu A ameifungua Meza 12, mhudumu B kwenye tableti ya pili anaiona Meza 12 iko huru, naye anaifungua. Mtandao ukirudi una Meza 12 mbili. Mteja analipa moja. Ya pili inabaki wazi mpaka Yesu arudi.

La pili, umeme. Ukikatika na kurudi, ruta inagawa upya anwani, yaani namba ya mtandao ya kila kifaa. Printa ya jikoni iliyokuwa na anwani fulani inapewa nyingine, na kompyuta inaendelea kutuma oda kwenye ile ya zamani. Jikoni hakitoki kitu. Mhudumu anaona kimya, anaingiza oda ile ile mara ya pili, au anakwenda kumwambia mpishi kwa mdomo. Sasa bili ina kuku wawili, mezani yuko mmoja. Mteja anakataa, kuku wa pili anahamishwa kwenda meza nyingine.

Tiba ni kebo kwenye printa zote, anwani ya kudumu kwa kila printa, na betri ya akiba kwa ruta na kompyuta. Tena kama printa ya jikoni ni ya karatasi ya joto, iondoe karibu na jiko. Karatasi ile inaandikwa kwa joto, ikikaa karibu na makaa inakuwa nyeusi yote. Jikoni weka ya utepe wa wino, ile inayopiga kelele. Kelele zenyewe ni faida, mpishi anasikia oda imeingia.

Bosi wa Meza 18 (#15)
Fundi, ruta kweli iko ofisini. Printa ya jikoni ni ya joto, na mpishi alishalalamika karatasi zinaungua. Nikadhani ni visingizio.

Chipsi Kavu (#16)
Kwa hiyo sasa ruta ndiyo inakunywa Safari mbili?

Nairobi Kwa Muda (#17)
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Huku kwetu shida hii tuliipunguza kwa simu. Bili ikitolewa, mfumo wenyewe unatuma ombi la malipo kwa simu ya mteja, kiasi kile kile cha bili. Anaweka namba yake ya siri ya M-Pesa, pesa inaingia kwa till ya baa, ile namba ya biashara ya kupokea malipo, bili inajifunga yenyewe. Mhudumu hagusi pesa na hawezi kuhamisha kitu baada ya hapo.

Mtu akilipa kwa till bila bili kuunganishwa, hapo ndipo shida huanza. Keshia anafunga meza kama "cash" ilhali pesa iko M-Pesa. Jioni droo inaonekana imepungukiwa, till imezidi, na kila mtu anamlaumu mwenzake. Na mbaya zaidi, kuna wahudumu wanaotoa namba zao wenyewe: "tuma kwa hii, till iko na shida."

Muhasibu Mkavu (#18)
Hiyo ya mwisho hata huku ipo sana. Lipa Namba imebandikwa ukutani, lakini mteja aliyelewa hasomi ukuta, anasoma midomo ya mhudumu. Bosi, andika jina la biashara kwa herufi kubwa kwenye kila meza, na mteja aambiwe jina litakalotokea kwenye simu yake kabla hajabonyeza namba ya siri.

Na meseji ya mteja si malipo. Anayeonyeshwa meseji aangalie simu ya baa. Meseji za kughushi zinatengenezwa na watoto wa sekondari siku hizi.

Mzee wa Daftari (#19)
Nawasoma vijana nacheka. Mimi nina baa Tabata, sina mfumo wala tableti, na sina bili wazi hata moja.

Jioni kila mhudumu anapewa chenji, 50,000. Akitaka bia anainunua kaunta kwa pesa taslimu, anampelekea mteja, anajua mwenyewe atadaije. Usiku anarudisha 50,000 yangu, kinachobaki ni mambo yake na wateja wake. Kaunta anahesabu chupa na pesa, basi. Mteja akikimbia ni mteja wake. Mteja akitaka kukopa, amkopeshe yeye. Chupa tupu na vizibo vinabaki mezani, ndiyo bili.

Binti wa Zamu ya Usiku (#20)
Baba shikamoo. Huo mfumo nimeufanyia kazi. Wewe huna bili wazi kwa sababu zote ziko kifuani kwangu. Mteja wa bia sita akisepa kupitia mlango wa chooni, 18,000 inatoka kwangu, na mshahara wenyewe mnaujua. Ndiyo maana wasichana wanaongeza vizibo mezani kwa watu waliolewa. Umewafundisha wewe.

Mzee wa Daftari (#21)
Marahaba binti. Sijamfundisha mtu kubambikia vizibo. Lakini nakubali mlango wa chooni niliuziba.

Kijana wa Sheria (#22)
Niongeze kidogo hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kukata mshahara ovyo. Kukata kwa ajili ya hasara kuna masharti: mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea akiwa kazini kwa kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wenye baa wengi wanakata shoti yote mwisho wa mwezi bila hata barua. Siku mtu akienda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mtajieleza.

Kwa mfumo wa Mzee wa Daftari mwajiri hakati mshahara, mhudumu anajikata mwenyewe kabla. Sijui mahakama ingeuitaje, lakini mimi nisingependa kuutetea.

Mlevi Mstaarabu (#23)
Mada imekuwa nzito, ngoja niagize. Hivi nani alianzisha hizi mashine za kuwachunga watu wa kaunta? Nahisi ni wazungu wa supamaketi.

Maktaba Inayotembea (#24)
Supamaketi hazikuwepo. Ni mwenye baa, mkuu. James Ritty alikuwa na saluni ya pombe Dayton, Ohio, Marekani. Watu wake wa kaunta walikuwa wanakunja pesa za wateja. Akiwa safarini kwenye meli akaona kifaa kinachohesabu mizunguko ya rafadha, akawaza kwa nini pesa zisihesabiwe hivyo. Yeye na ndugu yake John wakapata hataza ya mashine ya kwanza mwaka 1879. Baadaye John Patterson akaichukua biashara hiyo na kuifanya kampuni ya NCR, 1884.

Na skrini ya kugusa yenye picha kwa ajili ya mgahawa ilionyeshwa Las Vegas mwaka 1986 na Gene Mosher, ikitumia kompyuta ya Atari.

Chipsi Kavu (#25)
Kwa hiyo tangu 1879 mtuhumiwa ni yule yule. Binti pole.

Binti wa Zamu ya Usiku (#26)
Na tangu 1879 hakuna aliyeweka mashine ya kumchunga bosi. Bosi wa Meza 18, marafiki zako wakija wanalipa? Maana kwetu kuna bili inaitwa "wageni wa bosi" na haijawahi kufungwa na binadamu.

Bosi wa Meza 18 (#27)
Haha. Wageni wangu wanakaa Meza 1 na naifunga mwenyewe kama matumizi ya ofisi. Haimo kwenye zile nane. Tuendelee.

Baharia wa Hackney (#28)
Niko London, nilifanya kazi kwenye pabu miaka ya nyuma. Huku mtu akitaka kunywa kwa bili ya wazi anaacha kadi kaunta, au kadi inapitishwa kwenye mashine na benki inazuia kiasi fulani kwanza. Bili inafunguliwa kwa jina lililo kwenye kadi. Akitoroka, unamkata. Meza hazina maana kubwa, mtu anahama apendavyo, bili inamfuata.

Bosi, nadhani shida yako ni kufungua bili kwa meza wakati watu wako hawakai mezani. Fungua kwa mtu.

Binti wa Zamu ya Usiku (#29)
Kaka, tulijaribu. Mteja wa Kitanzania humuulizi jina kabla hajanywa, atakuona mpelelezi. Kwa hiyo tunaandika tunachokiona: "mzee wa kofia", "dada wa wigi", "shati jekundu". Siku Simba inacheza ukiandika "shati jekundu" umefungua bili ya nusu ya baa.

Mlevi Mstaarabu (#30)
😂😂 Nimemwaga bia. Iandikeni kwa jina langu.

Fundi Waya (#31)
Mimi wateja wangu nimewafanyia vibao vya namba. Kibao kina namba ya bili, mteja anakaa nacho hata akihama, akilipa anakirudisha. Siku za mpira ramani ya meza tunaizima kabisa. Baharia yuko sawa kwa hilo, ila kadi kaunta huku utapata mteja mmoja kwa wiki.

Mchongo Pasi Chuki (#32)
Ngoja niseme ambalo hamtaki kusema. Bili haifungwi kwa sababu ikifungwa inatoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mfumo ukiunganishwa na TRA, watu wa mapato, kila bili inayofungwa ina kodi. Meneja anaacha baadhi wazi, anakusanya pesa, asubuhi anazifuta. Hizo EFD tangu zije 2013 watu wametafuta njia.

Muhasibu Mkavu (#33)
Zilianza 2010 kwa waliosajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. 2013 ilikuwa awamu ya pili, ya wasio na VAT, ile iliyoleta migomo ya kufunga maduka.

Hoja yenyewe inawezekana, lakini haimfai Bosi. Kwenye bili ya 34,000 iliyo na VAT ndani, kodi ni 34,000 mara 18 gawa kwa 118, yaani kama 5,186. Meneja anayefanya hivyo ili kumwokolea bosi kodi angemwambia bosi. Asipomwambia, basi haachi bili wazi kwa ajili ya TRA, anaacha kwa ajili yake.

Na wote mjue bili si risiti. Bili ya kuchapa kabla ya malipo ni makadirio tu, mteja anayeondoka nayo hajapewa kitu. Yule mteja wa Meza 9 angedai risiti yake, ingesomeka 28,000 na angeuliza. Tangazo la TRA la "ukinunua dai risiti" hapa linamlinda mwenye baa kuliko serikali.

Kizibo Mkononi (#34)
Hilo la Muhasibu liandikwe ukutani. Na Bosi, kuna kufuli: bili ikishachapwa, kuongeza, kufuta au kuhamisha kudai PIN ya meneja. Na kila ikichapwa tena iandike "nakala ya 2". Mifumo mingi inayo hiyo, inakuja imezimwa.

Mchongo Pasi Chuki (#35)
Na PIN ya meneja kila mhudumu anaijua. Nimeona baa imeandikwa kwa kalamu nyuma ya tableti.

Binti wa Zamu ya Usiku (#36)
Hata PIN za kawaida. Wahudumu watano tableti mbili. Mwenzangu ameacha imefunguka, mteja anaita, naingiza kwa PIN yake niwahi. Kwa hiyo hiyo "PIN 03" ya Meza 9 inaweza kuwa mtu yeyote aliyekuwa zamu. Tuleteeni tableti ya tatu ndipo mtutungie mashtaka.

Bosi wa Meza 18 (#37)
Narudi na mrejesho. Nimesogeza mwanzo wa siku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kama alivyosema Muhasibu. Nimefungia mabadiliko baada ya kuchapa, PIN ya meneja imebadilishwa. Fundi wa mtaani ameleta kebo kwa printa ya kaunta, ya jikoni bado.

Bili wazi zimeshuka. Jana asubuhi zilikuwa mbili. Za Meza 5 nimeangalia: zilihamishwa kabla ya bili kuchapwa, kwa PIN tofauti. Sijui nimpe pointi nani.

Lakini kuna jipya. Mauzo ya bia hayajapanda kama nilivyotegemea. Bili wazi zimepungua, pesa haijaongezeka kwa kiasi hicho. Konyagi ndiyo imekuwa kituko, chupa zinaisha kabla ya toti.

Muhasibu Mkavu (#38)
Toti zako zimeunganishwa na chupa? Chupa kubwa ya mililita 750 kwa kipimo cha mililita 30 inatoa toti 25. Kama kwenye mfumo "Konyagi chupa" na "Konyagi toti" ni bidhaa mbili zisizojuana, stoku itakudanganya kila siku.

Nairobi Kwa Muda (#39)
Na anayemimina anatumia kipimo au jicho? Akimimina kwa jicho, mzinga utatoa 21 au 22, hasa kwa customer anayempenda.

Baharia wa Hackney (#40)
Huku sheria inataka 25 au 35, na kipimo kiwe na muhuri. Jicho ni marufuku.

Kizibo Mkononi (#41)
Bosi, kuhusu bia, sasa nikupe ambalo sikusema mwanzo kwa sababu watu wangenipiga mawe. Kuna kaunta analeta kreti lake mwenyewe. Analinunua duka la jumla, analichanganya kwenye friji yako, analiuza kwa bei yako. Mhudumu anayeshirikiana naye haingizi oda, anachukua tu. Bili yako haitakuwa wazi kwa sababu haikufunguliwa kamwe. Stoku yako itakuwa sahihi mpaka chupa ya mwisho, na droo itakuwa sahihi. Kitakachozidi ni chupa tupu. Mfumo hauhesabu chupa tupu.

Muhasibu Mkavu (#42)
Lakini alisema stoku ya bia inapungua kuliko mauzo. Kwa mchezo huo stoku ingelingana. Huwezi kutibu homa mbili kwa kidonge kimoja.

Kizibo Mkononi (#43)
Alisema hivyo kabla ya kusogeza saa. Sasa stoku inasemaje?

Bosi wa Meza 18 (#44)
Bia sasa inalingana, tofauti ni chupa moja moja, zinaweza kuwa zimevunjika. Chupa tupu hatuhesabu, gari la wauzaji likija tunabadilishana kreti kwa kreti, zinazozidi zinabaki stoo.

Kizibo Mkononi (#45)
Zinazozidi? Ngapi?

Fundi Waya (#46)
Kabla ya chupa tupu, fungeni kebo ya jikoni. Kuku wawili wawili bado wataendelea.

Bosi wa Meza 18 (#47)
Kizibo, stoo kuna kreti tupu zimepangwa mpaka dirishani. Nilidhani ni za mwenye nyumba. Fundi, njoo Jumatatu na bei ya kebo, na unipe na bei ya tableti moja.

Binti wa Zamu ya Usiku (#48)
Mbili. Siku ya mpira moja haitoshi.